Good Morning, Antiquity

Jumatatu, tarehe 3

Siku njema. Niiandike upesi kabla haijaharibika.

Darasa limefanyika chumba cha kufulia kama kawaida, katikati ya mashuka yanayoning'inia. Wanafunzi wangu wote walikuwepo: wahudumu wa vyumba, mpishi, mlinzi wa getini, na mhasibu wa hoteli, ambaye tunamwita Nilipokuwa Nje kwa sababu hajui kuanza sentensi bila maneno hayo. Alikwenda nje wiki tatu tu, kwenye harusi ya binamu yake. Ukimsikiliza utadhani alizaliwa huko.

Nilikuwa nimefika kwenye siku za wiki. Nilipokuwa Nje akanyanyua mkono. Akasema hoteli imepokea barua ya chama fulani kutoka ng'ambo kitakachokuja Jumamosi, nacho kinaitwa Friends of Antiquity. Marafiki wa nini hao? Mwalimu atupe maana na matumizi.

Sijapata kuliona neno hilo maishani mwangu. Ningeweza kusema nitalitazama nyumbani, lakini Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mkataba wangu atautia saini Jumatatu ijayo, au hatautia kabisa. Na Mama mkwe, ambaye tunaishi nyumbani kwake, alishanitamkia mbele ya mke wangu: kazi hii ikinishinda kama zile nyingine, binti yake atabaki, mimi nitatafuta pa kulala. Mama yule hasemi ovyo.

Nikaiomba barua. Nikaisoma polepole, uso wa mtu anayejua. Maneno mengine niliyaelewa. Wanazunguka dunia nzima kwa ajili ya antiquity. Wanaiheshimu. Wanaitunza. Inawauma kuona watu wanaiacha bila mwangalizi mpaka inaanguka. Basi akili ikanifunguka. Kitu gani duniani huheshimiwa, hutunzwa, na ni aibu kukiacha kianguke? Wazee!

Nikawaambia: antiquity ni mzee, mtu aliyekula chumvi nyingi. Ni neno la heshima, vijana hawaitwi hivyo. Matumizi: good morning, Antiquity. Darasa likaitikia nyuma yangu mpaka mashuka yakatikisika. Meneja akaondoka akitabasamu. Nilipokuwa Nje akaliandika kwenye kiganja.

Kusema kweli nilijishangaa mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4

Nimemfundisha Mama mkwe neno jipya. Nimemwambia yeye ndiye Antiquity wa nyumba hii. Amelipenda mno. Ameagiza wajukuu wamwite hivyo kuanzia leo. Mke wangu akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu. Akasema ndiyo maana ameuliza.

Kazini mambo yamekua. Meneja ametukusanya jikoni. Kwa kuwa wageni ni marafiki wa wazee, kila mfanyakazi alete mzee wa kwao Jumamosi. Watakaa ukumbini, viti vya mbele, wageni waone kwamba hapa wazee hawaachwi. Mimi nitakuwa mkalimani. Na kiti cha katikati atakaa mama mkwe wa mwalimu, kwa heshima ya mwalimu.

Nimerudi mbio kumwambia. Ameingia chumbani kwake, ametoka na kitambaa alichokihifadhi sandukuni tangu marehemu baba mkwe yu hai, amekwenda nacho kwa fundi cherehani. Sijawahi kumwona akitembea haraka namna ile. Hata mke wangu alisimama kibarazani kumtazama.

Leo nimeitwa mwanangu. Siyo mkwe, siyo wewe, siyo huyo mtu wako. Mwanangu.

Jumatano, tarehe 5

Nimekwisha.

Nilipita maktaba ya mji kwa shabaha moja tu, kulitazama neno lile ili niongeze mifano miwili mitatu. Nimeisoma kamusi nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena. Antiquity: zama za kale sana, maelfu ya miaka nyuma, enzi za falme zilizokwisha kutoweka. Pia kitu chochote kilichobaki kutoka zama hizo, kama sanamu, chungu, sarafu au gofu. Matumizi: ni neno la nyakati na vitu. Akiitwa mtu hivyo, ni mzaha au tusi.

Gofu. Nimemwita mama mkwe wangu gofu, naye amepeleka kitambaa kwa fundi.

Nikakilaza kichwa juu ya kamusi. Mkutubi akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nasoma. Nikaazimia kwenda kwa Meneja na kusema nilikosea, mtu mzima hukosea. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Nikamsikia akisema kwenye simu kwamba safari hii amepata mwalimu wa kweli, si kama wale waliotangulia. Miguu ikanirudisha yenyewe.

Halafu nikakumbuka jambo lililonitia baridi. Nilipokuwa Nje ana kamusi. Nene, juu ya meza yake, kando ya kikokotoo. Nikaenda kuiazima kwa sauti ya kawaida kabisa. Akanipa hapo hapo, bila swali, hata akaipangusa vumbi. Mtu huyu hajapata kumwazima mwenzake hata kalamu! Kwa nini ametoa upesi? Ameshasoma. Anajua. Ananingoja nijikwae mbele ya wageni.

Kamusi nimeificha chini ya kitanda changu. Mke wangu amesema nimekuwa na rangi ya majivu.

Alhamisi, tarehe 6

Nilipokuwa Nje amenitazama kwa jicho la pembeni asubuhi nzima. Nimempa alama zote za jaribio ijapokuwa wiki yake ilikuwa na Alhamisi mbili na haikuwa na Ijumaa. Nimempa kiti changu. Chai ilipokuja nimempa na kikombe changu. Ameshukuru, amekohoa, akasema nilipokuwa nje, lile neno... Kisha akatazama dari. Nusura nimpigie magoti.

Lakini mimi si mtu wa kufa kimya. Nimepata mpango. Wageni wanataka vitu vya kale, basi wavipate. Nimelitangazia darasa kwamba kuna kanuni moja niliisahau: Antiquity wa kweli haendi mahali mikono mitupu. Kila mzee ashike kitu cha zamani cha nyumbani kwake. Wageni wakitazama vitu, Meneja atadhani wanatazama wazee. Wazee nao watadhani wanatazamwa wao. Kila mtu atapata chake, na mimi nitapata saini yangu.

Mpishi ameuliza kama sufuria ya marehemu bibi yake itafaa. Inafaa sana. Mlinzi ameuliza kama babu yake anaweza kuja na redio mbovu. Nimemwambia mbovu ndiyo nzuri zaidi. Amenitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Huyu naye nimeanza kumwogopa.

Mama mkwe amechagua pasi yake ya mkaa. Ameisugua kwa majivu mpaka inameta kama imetoka dukani leo. Nimemsihi aiache na kutu yake. Ameniuliza, kwani mimi nikienda kwa watu siogi?

Ijumaa, tarehe 7

Nimeamka nikiumwa. Yaani nimeamua kuumwa. Kichwa, mgongo, homa, vyote kwa pamoja. Mgonjwa hawezi kuwa mkalimani, na pasipo mkalimani hakuna wa kulaumiwa.

Mke wangu aliamini kidogo. Mama mkwe hakuamini hata chembe. Amenichemshia dawa chungu, amenipa kikombe kizima, akasimama juu yangu mpaka nikakimaliza. Akaleta kingine. Nikapona.

Kisha akakaa kando yangu ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe binti yake. Akaniambia kwamba tangu mumewe afariki, akialikwa mahali huwekwa nyuma, karibu na wanaoosha vyombo, na hukumbukwa tu pale wanapotafuta vijiko. Kesho atakaa mbele. Ameshawaambia majirani. Kwa hiyo, mwanangu, utaamka.

Chini yake, chini ya kitanda kile kile, ilikuwepo kamusi. Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo nikamwambia gauni litampendeza.

Mchana tumefanya mazoezi ya mapokezi. Wafanyakazi wamejipanga mlangoni kwa urefu, wakatamka good morning, Antiquity kwa sauti moja, bila kosa hata la herufi. Sijawahi kuwa na darasa lililoshika somo vizuri hivi. Nimekwenda nyuma ya mashuka nikalia kidogo.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika haraka, nisamehewe mwandiko.

Basi la wageni limefika. Mimi nilitegemea vijana wa chuo wenye kofia za jua. Wameshuka wazee tupu. Fimbo, miwani mizito, magoti yanayolalamika. Wa mwisho kushuka alikuwa mwenyekiti wao, bibi mwembamba mwenye kifaa cha kusikia sikioni. Nikakimbia kuwazuia watu wangu. Nimechelewa. Mlinzi alipiga saluti na mstari mzima ukapaza: good morning, Antiquity!

Bibi hakusikia vizuri. Akamuuliza katibu wake wamesema nini. Katibu akasita, akainama na kurudia neno lile sikioni kwake, kwa sauti iliyofika barabarani. Mimi hapo niliuona mkataba wangu ukipeperuka, na godoro langu likifuata nyuma.

Bibi akamtazama mlinzi. Akautazama mstari wote. Mabega yakaanza kumcheza, halafu akaangua kicheko mpaka ikabidi aketishwe, na wenzake nao wakacheka huku wakifuta miwani. Walidhani ni utani tuliowaandalia. Meneja akaninong'oneza, wanacheka nini? Nikamwambia ni furaha, kwao hawajazoea heshima.

Ukumbini ndiko nilikokufa mara ya pili. Wazee wetu walikuwa wamekaa, vitu mapajani. Wageni wakawapungia mikono na kuvamia vitu. Wakaichungulia redio kwa nyuma. Wakaigeuza sufuria juu chini. Mwenyekiti akaenda moja kwa moja kwa Mama mkwe, akainama, akaipokea pasi kwa mikono miwili.

Mama mkwe akaniuliza kwa nini mama mzima huyu anaiamkia pasi kabla ya mwenye pasi. Nikamwambia kwao huanza na mzigo, ndiyo adabu yao. Bibi akauliza kama pasi bado ni nzima. Nikamwambia Mama mkwe kwamba bibi anauliza habari za afya yake. Mama mkwe akasema hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua mvua ikinyesha. Nikamwambia bibi kwamba ni nzima, ila bawaba moja imelegea, hasa kukiwa na unyevu. Bibi akaipapasa bawaba kwa huruma. Mama mkwe akasema ajabu, mbona goti analihurumia na mimi hanitazami?

Nikajifanya nakohoa. Akachoka na mimi. Akajigonga kifuani akasema mwenyewe, kwa Kiingereza nilichomfundisha: me, Antiquity.

Bibi akaiweka pasi sakafuni. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akajigonga kifuani na yeye: me too. Akavuta kiti akakaa, wakashikana mikono, kila mmoja akaanza kusimulia kwa lugha yake. Hawakuniita tena. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Mama mkwe alikuwa anacheka, meno yote nje, na mimi sikumbuki kama nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Meneja amenipa mkono. Wageni wamesema watarudi mwakani. Mkataba uko tayari, saini ni Jumatatu asubuhi.

Nikaanza kupumua. Wageni walipokuwa wanapanda basi, dereva wao, ambaye muda wote alisimama ukutani na kikombe chake cha chai, alinipita karibu akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba nimetafsiri vizuri sana, hasa ile bawaba.

Anazijua lugha zote mbili. Amesikia kila neno.

Jumapili, tarehe 9

Hofu mpya. Dereva yuko mjini na wageni wake mpaka kesho. Akimdokeza Meneja kabla ya saini, nimezama. Mpango: nimkaribishe nyumbani ale. Mtu aliyekula kwako hakuchongei. Nimemfuata alipoegesha basi, nikamwita kaka, nikamwita ndugu yangu wa damu, nikamwalika. Akakubali bila kubembelezwa.

Amekuja ameoga, shati limepigwa pasi. Kuku alikuwa bado jikoni. Nikaanza taratibu kumsimulia habari za watu wenye kifua, watu ambao wanaona na kunyamaza, na jinsi Mungu anavyowabariki. Alinisikiliza kwa makini. Mke wangu akatokeza kusema mkaa umekwisha, nikimbie dukani mara moja. Nikakimbia. Nilikimbia kweli, viatu mkononi.

Nimerudi nimemkuta Mama mkwe ameketi mbele ya dereva, magoti yakikaribia kugusana. Alikuwa amemuuliza jambo dogo tu: mwenzangu yule aliposhika pasi, alisemaje? Na dereva, mtu mstaarabu, akiulizwa na mama mtu mzima nyumbani kwake, angejibu nini? Amemweleza yote. Neno kwa neno. Na maana ya antiquity juu yake. Na goti.

Mimi mwenyewe nimemleta. Kwa miguu yangu.

Dereva amekula vizuri, ameshukuru, ameondoka. Mama mkwe hajanitazama. Ameosha vyombo mwenyewe, sahani moja baada ya nyingine, polepole. Laiti angefoka. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Mke wangu amenivuta kando kuniuliza nimefanya nini safari hii. Nimemwambia ni mambo ya lugha.

Jumatatu, tarehe 10

Mkataba umetiwa saini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo zuri.

Kabla ya saini, Nilipokuwa Nje alinivuta nyuma ya mlango wa stoo. Nikajua limefika. Akanishika shati kwa mikono miwili. Akaniomba, kwa jina la Mungu, nisimseme. Kumbe barua ilipofika Meneja alimuuliza yeye kwanza, naye akajibu kwamba nje antiquity ni maradhi ya mifupa. Ndiyo maana aliniuliza darasani. Kamusi alinipa upesi kwa sababu aliogopa Meneja ataiona mezani na kumwambia afungue. Wiki nzima nilivyokuwa nampa chai na kiti, alidhani ninamchezea kama paka na panya. Tulikuwa tunaogopana bure. Nikamsamehe kwa sauti nzito, nikamwambia aendelee kutumia maana yangu.

Nimerudi nyumbani nimeshika mkataba kwa juu, uonekane tangu mlangoni. Mama mkwe alikuwa sebuleni, mke wangu pembeni yake. Akaniambia nikae.

Akasema ameelezwa. Antiquity ni kitu cha zamani ambacho wenyewe walikiacha mpaka kikaanza kuanguka, kisha wakaja watu kutoka mbali kukitazama. Hilo halikumkasirisha, kwani ndiye yeye hasa. Na mwenzake yule alimshika mkono bila mkalimani, na mbele alikaa, hayo hakuna wa kumnyang'anya. Kinachomuuma ni kimoja tu: kufanywa mjinga na mtu anayekula mezani kwake. Kwa hiyo ataniuliza mara moja, wala hatauliza tena. Nimwambie kwa mdomo wangu neno lile maana yake nini, na niliijua lini. Nikisema kweli yamekwisha, chakula kipo.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mke wangu alikuwa ananisihi kwa macho. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikamtazama Mama mkwe, macho yake hayapepesi, na nikaogopa kuliko siku zote za wiki hii zikijumlishwa. Mdomo ukajisemea wenyewe. Ukasema: Mama, yule dereva Kiingereza chake ni cha barabarani, cha vitabuni ni kingine.

Naandika haya nyumbani kwa Nilipokuwa Nje. Kochi lake ni fupi, miguu inaning'inia. Ameshanieleza jinsi makochi ya nje yalivyo marefu. Mke wangu amenikabidhi mfuko wa nguo mlangoni, akasema nisirudi mpaka niwe na neno la kweli la kumwambia mama yake. Alikuwa analia. Nami nililia, mkataba mfukoni, mbele ya majirani.

Neno la kweli. Nimelitafakari sana jambo hili na kosa langu nimeliona: nilitumia neno ambalo sijaliona likitumika. Sasa nimekuwa makini. Mwenyeji wangu ana rundo la magazeti ya Kiingereza aliyorudi nayo. Tumeyapitia wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, tukitafuta neno la heshima kwa mzee, lenye ushahidi kabisa. Tumelipata. Kila mara liko juu ya picha za wazee, wote nadhifu, wote wanatabasamu. Chini ya kila picha kuna mwaka wa kuzaliwa na mwaka mwingine, halafu sifa tupu: mama mwema, mpendwa wa wote, hatasahaulika kamwe. Hakuna hata mmoja aliyetukanwa. Kamusi imebaki kule chini ya kitanda, lakini safari hii haihitajiki, picha zinajieleza.

Nimeshaandika kadi, kwa wino wa buluu na mwandiko wangu bora. Inasema: Dear Mama, you are our Obituary. Naipeleka kesho asubuhi, majirani wakiwa nje, nimsomee kwa sauti.